Mguu Mzima wa Robi

Nyambureti, Serengeti
Jumapili, baada ya ibada

Dada Tusajigwe,

Shikamoo. Je, mvua ya Rungwe imewaachia nafasi ya kuanika mahindi? Na mgongo wako, umekubali tena kuinama kwenye chai? Mimi mwili wangu hauna neno. Wenye neno ni moyo, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeanza kunitetea kabla sijamaliza.

Nilikusimulia habari za Robi, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anayecheza netiboli. Mwaka jana ukano wa ndani ya goti lake la kulia ulikatika. Ukano huo, dada, ni kama kamba fupi inayozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele. Alifanyiwa upasuaji Mwanza, akakaa miezi tisa bila kucheza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemhudumia akanipa kazi: kabla msichana hajarudi uwanjani, nimpime kuruka. Asimame kwa mguu mmoja, aruke mbele, atue kwa mguu uleule na atulie. Kisha afanye hivyo kwa mguu wa pili. Ule uliopasuliwa ukikaribia kuufikia ule mzima, ni dalili nzuri.

Nilimpima siku ya Jumatano, mashindano yakiwa Jumamosi. Mguu mzima, wa kushoto, uliruka mita moja na sentimita thelathini. Wa kulia mita moja na ishirini na nne. Nilifurahi kama mtoto. Bibi yake, anayemlea, alikuwa amekuja shuleni kumletea sare, akakaa kwenye benchi akitazama.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu anatua kwa kishindo. Hata mguu huo mnaousema mzima unapiga kelele."

"Bibi, mimi nasoma futikamba. Kelele haipimwi."

"Ngoma zetu ni za kuruka. Msichana alipoanza kutua hivyo tulimtoa mstarini, apige makofi."

Nikacheka, na wasichana wa timu wakacheka kwa sababu mimi nimecheka.

Jioni nikampigia simu yule mtaalamu, nikamsomea vipimo. Akauliza jambo moja tu: "Kabla hajaumia, alikuwa anaruka kiasi gani?" Dada, unanijua. Kila mwaka nawapima wachezaji wangu wote na kuandika kwenye daftari. Lilikuwa kabatini, hatua tano kutoka nilipokaa. Nikamjibu kwamba sina kumbukumbu. Nadhani niliogopa litakachosema, maana bila Robi tusingefika fainali. Akasema basi, kwa vipimo hivyo anaweza kucheza kidogo.

Jumamosi, kipindi cha pili, Robi aliruka kuwania mpira, akatua, akakaa chini taratibu akiwa ameshika goti la kushoto. La kushoto, dada, lile zima. Ukano wake nao umekatika.

Nilipomwinua aliniambia, "Nisamehe mwalimu, nilikanyaga vibaya." Mkuu wa shule alipouliza, akarudia hivyohivyo mbele yangu, nami nikatazama chini. Nilimwachia msichana yule kosa langu kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili nikafungua kabati. Kabla ya kuumia, mguu wa kushoto wa Robi uliruka mita moja na sentimita sitini na mbili. Elewa maana yake. Mtu akikaa miezi tisa, mguu mzima nao hudhoofika. Si mguu mgonjwa uliopanda. Ni ule mzima ulioshuka hadi ikakutana chini, nami nikaona usawa nikauita kupona. Yule mtaalamu aliuliza kwa sababu hiyohiyo.

Nikalichukua daftari nikaenda nyumbani kwao. Nikawaeleza yote, pamoja na uongo wa kwenye simu. Robi akatazama ukurasa.

"Kwa hiyo sikukanyaga vibaya?"

"Hukukanyaga vibaya."

Akalia, na hapo ndipo nilipojua alikuwa amebeba nini. Bibi yake hakupandisha sauti. "Mwalimu, siku ile ulicheka."

"Nilicheka, bibi."

"Sasa utampeleka Mwanza mwenyewe. Usitume mtu. Na huko watakapompima, usikilize kwa masikio pia."

Kwa hiyo likizo hii siji kulijengea kaburi la mama. Najua ni mara ya pili nakuvunjia ahadi hiyo, na nyumba nzima inaningoja mimi niliye mtoto wa kiume. Anzeni bila mimi, au mningoje. Lolote mtakaloamua nitalikubali. Mama alinisomesha niwe mwalimu. Nadhani angeniambia niende Mwanza, lakini sitaki kumsemea.

Msalimie shemeji, umwambie lile koti la mvua alilonipa nalivaa bado. Mpe shikamoo yangu mama mdogo, na binti yako muuguzi umsomee barua hii yote, asiruke mahali ninapoonekana vibaya.

Tunaondoka keshokutwa asubuhi. Nilitaka kuliacha daftari shuleni, Robi akakataa. Anataka daktari aione mita moja na sitini na mbili, ajue ni wapi pa kumrudisha.

Mdogo wako,
Ambakisye