Amelala Tu, Ataamka

Kwa dada yangu Zeyana, Maskati,

Shikamoo dada. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia. Machungwa ya Muheza yameanza kuingia mjini, na mama bado anasumbuliwa na magoti.

Jana kaka yetu Amjad alirudi kwenye kibanda chake cha video hapa Mabawa, kutafsiri ile filamu mpya ya mashujaa saba. Kibanda kilijaa, wakawa wanashangilia kila shujaa akitokea. Kisha yule binti mwenye upinde akafa, wenzake wakamzika. Amjad akasema kwenye maikrofoni, "Amelala tu, ataamka."

Vijana wakazomea. "Tafsiri vizuri bwana, tumelipa."

Akarudia, "Amelala."

Jirani yetu Mzee Mwinyijuma akasimama, akawatazama tu. Wakakumbuka, wakanyamaza mpaka mwisho.

Dada, tangu tumzike mwanawe Nihal, kaka hajatoa chozi. Kila jioni anashusha chandarua kwenye kitanda cha mtoto. Akikupigia akakwambia Nihal amelala, usimkubalie. Sisi tulimkubalia siku ya kwanza kwa kumhurumia, na sasa nyumba nzima tunanyata tusimwamshe.

Mdogo wako,
Khuloud