Sare ya Marehemu

Fundi Barasa ndugu yangu,

Mwandiko ni wangu, usibishe! Huku Sydney baridi, lakini nimewaonyesha kazi. Binti yangu Nekesa anachunguza chuoni sare za timu za kwanza za besiboli za Amerika. Mtihani wake ulitaka sare moja ishonwe kama ya mchezaji wa picha ya kale. Nikashona, nikaacha kitambaa cha ziada mishononi, kama tuwaachiavyo watoto wa shule. Nekesa akafoka: "Baba, mchezaji alishakufa! Anakua aende wapi? Utaniangusha!" Nikakataa kupunguza. Siku ya mtihani nikamsindikiza; kumbe mwalimu wake, mwenye tumbo kama pipa, alitaka kuijaribu, ikambana. Nikaifumua mishono, nikashona upya palepale, ikamkaa. Nekesa amepita. Mwalimu amekataa kuivua.

Kula vizuri, mzee, na unitilie mafuta cherehani yangu niliyokuachia.

Wafula, Toongabbie, Sydney