Mama Yako na Choo Kipya cha Mji

Mbarara, Alhamisi jioni

Kwa bibi yangu mpenzi Mapendo, mke wa ujana wangu, Mama Ombeni,

Nakusalimu sana wewe na watoto, kwa jina la yule aliyetuvusha ziwa na mpaka tukiwa hatuna hata kijiko. Mnaamkaje huko kambini Nakivale? Ombeni bado anakohoa? Mtoto mdogo ameota jino, au bado anatafuna kidole chako tu? Maharagwe ya kule bondeni yamepata mvua? Mimi niko muzima kabisa, hata nimenenepa kidogo. Batu wa hapa wananiita "sebo", yaani bwana, ninapopita, na sikatai.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu iko. Lakini wewe, Mama Ombeni, ukipokea simu unaiweka sauti kubwa, na majirani wote wanakuja kukaa kwa mkeka kusikiliza kama ni redio. Habari hii si ya mkeka. Kesho asubuhi nampa Mchungaji wetu wa huko barua hii, maana anarudi na mama yako mu gari yake, na nataka uisome kabla mama hajafungua kinywa. Akitangulia kufungua, basi, lakini usicheke mbele yake.

Kwanza nikueleze mji, maana wewe ulipopita hapa mara ya mwisho mji ulikuwa vumbi tupu. Mimi nimeona miji. Nimeona Uvira, nimeona Bujumbura, Kigoma nimelala siku mingi na wakanijua. Lakini hii Mbarara inataka kunishinda. Baraza la mji, ile sisi kwetu tunaita komini, limeamka. Barabara ya katikati wameitandika lami mpya, na pembeni wameweka njia ya batu wa miguu, mawe yamelala sawasawa, pikipiki haina ruhusa kupanda juu. Kuna taa zinazokula jua mchana na kuwaka magharibi. Kuna viti vya chuma ambavyo mutu anakaa bure, hakuna anayekuja kukuuliza unanunua nini. Wamepanda miti. Na karibu na ule mzunguko wa magari wamejenga choo cha batu wote. Pale ndipo fasi ya kazi yangu.

Wewe unakijua kwa maneno tu, bado hujakiona. Ukiingia unafikiri umekosea njia umeingia kliniki. Kuta ni makaro, vile vigae vyeupe vinavyong'aa, maji yanatoka kwa bomba, kioo cha kujitazama kiko, na mlango mmoja ni mpana kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu. Mlango wa wanawake unafungwa na ufunguo ili walevi wasiingie. Mimi nakaa katikati, kwa dirisha dogo, natoa karatasi, sabuni na ufunguo. Nimekuwa mutu mukubwa, Mama Ombeni. Meneja wa benki akibanwa, ananiomba mimi. Nimewaona wenye vitambi wa mji huu wakiruka kwa mguu mmoja mbele ya dirisha langu, na kila mmoja nampa karatasi kwa heshima ile ile ninayompa mubeba mizigo. Toka tutoke pale Kabazana walipotupokea, hakuna kazi niliyoipenda hivi. Mungu ambariki yule aliyesimama mu mkutano wa baraza akasema, tukitaka batu wapende katikati ya mji, tuanze na choo.

Sasa tuje kwa mama yako.

Wewe na mimi tulimwambia ninafanya kazi ya komini, mu biro, ofisi yenye maji na umeme. Uongo uko wapi? Maji iko. Umeme uko. Jina la biro ndilo tuliliacha, juu ya heshima, sababu mukwe na mama mukwe hawaongei mambo ya choo. Hata kule nyumbani, mama akielekea nyuma ya nyumba mimi nakohoa na kushika njia nyingine. Macho yakikutana pale ni aibu isiyofutika na sabuni yoyote, na mimi sabuni ninayo mingi.

Na unajua vile mama anavyouchukia mji huu. Kila nilipoomba wewe na watoto mje tukae pamoja, jibu lilikuwa moja. Mwaka ule tulipokuwa wageni alimleta mdogo wako hospitali, akabanwa katikati ya mji. Duka hili likamfukuza, hoteli ile ikasema choo ni cha wateja, mwisho akaenda nyuma ya ukuta, na mulinzi akamtoa pale na fimbo, batu wakicheka. Mama yule, anayeongoza kwaya ya kina mama! "Mji usiokuwa na fasi ya mwanamke kujisitiri, binti yangu hatakaa." Ndivyo alivyosema. Wewe hukutaka kumwacha amekasirika, na mimi sikutaka kukuiba kwake. Basi nimekula ugali wangu peke yangu, nikiongea na sufuria.

Leo mpango wetu ulikuwa mzuri. Mchungaji amlete mama hospitali ya macho, mimi nimalize kazi, nivae koti la harusi, niende kumsalimia kanisani watakapolala, nimwonyeshe taa na viti, halafu nimwombe kwa adabu. Maneno nilikuwa nimeyatayarisha, hata Kifaransa kidogo kilikuwamo. Lakini hospitali walimpima haraka, wakamtia dawa ya matone, na Mchungaji, mutu wa Mungu asiyejua mambo ya dunia, akamwambia, "Mama, nakushusha pale mukwe wako anafanya kazi, mimi nikazibe gurudumu." Akamshusha mbele ya choo. Akaondoka.

Mimi niko kwa dirisha, nimeinama napanga sabuni. Nasikia sauti: "Mwanangu, nisaidie, nimebanwa, nipe ufunguo."

Hakuniona, ile dawa inatia ukungu mu macho. Na mimi bila kuinua kichwa nikatoa mkono na maneno yangu ya kila siku: "Karibu mama, jisikie nyumbani, karatasi hii, sabuni hii, mlango wa kulia."

Mapendo, alifahamu sauti.

"Yeremia?"

Niliinua kichwa. Ufunguo yeye alikuwa ameushika upande mmoja, mimi upande mwingine. Aliuachia kama kaa la moto, akajifunika kitenge usoni, akanipa mgongo. Na mimi nikageuka. Tukasimama hivyo, yeye anatazama barabara, mimi natazama makaro. Mimi, niliyeongea na askari wa mpaka hadi akanipa sigara yake, nikaanza kuhesabu makaro. Nikasikia viatu vyake vinakanyaga pale pale chini, tap, tap, nikajua amebanwa kweli. Na mama yako namjua. Atakufa amesimama, lakini hatapokea ufunguo wa choo kwa mukono wa mukwe wake.

Ng'ambo ya barabara kuna mama mwenyeji, Munyankore, anachoma mahindi, anaitwa Mama Kembabazi. Anachomea kule sababu baraza limekataza moshi mbele ya choo. Aliona yote. Akavuka na koleo yake mkononi.

"Sebo, huyu mama nafanya nini? Iko mgonjwa?"

"Ni mama mukwe wangu."

"Eeeh! Sasa mpe ufunguo."

"Siwezi kumpa. Na yeye hawezi kupokea."

Akanitazama, akamtazama mama, akapiga paja. "Aa, hata sisi kwetu iko hivyo! Wewe toka! Unakaa hapo nangoja nini? Toka!"

Mama Ombeni, sheria ya kazi yangu unaijua, kiti hakiachwi. Aliyekuwa kabla yangu alienda kunywa chai, wakamwambia aendelee kunywa. Na leo ndiyo siku shefu wa usafi, mukubwa wangu, anapita kukagua. Nikipoteza kazi hii, hakuna chumba, hakuna nyinyi kuja, narudi kulima mashamba ya batu kule Kabingo. Yote hayo niliyafikiri. Lakini vile viatu, tap, tap. Nikamwachia Mama Kembabazi ufunguo, karatasi, kiti, kila kitu, nikatoka mbio.

Kujificha wapi sasa? Miti ya baraza bado ni midogo, haifichi hata kuku. Nikavuka, nikakaa kwa kiti cha chuma karibu na jiko la mahindi, nikavuta koti la kazi juu ya kichwa, nikatazama ukuta wa benki. Nyuma yangu namsikia Mama Kembabazi: "Njoo maama, nakushika mukono. Huyo kijana ameenda mbali sana. Sasa iko Kampala."

Mlango ukafunguka. Mlango ukafungwa. Nikamshukuru Mungu ndani ya koti.

Na pale pale, shefu. Kostime ya kijivu, tai, viatu vinang'aa. Alishuka garini, akaenda kwa dirisha, akakuta mama na koleo amekaa kwa kiti cha serikali.

"Yeremia ako wapi?"

Mama Kembabazi, badala ya kunifunika, akanyoosha koleo. "Yule pale. Nakaa ndani ya koti."

Nikavuka kama mutu anayeenda kunyongwa.

"Umeacha kiti?"

"Ndiyo, shefu."

"Umemwachia muuza mahindi mali ya baraza?"

"Ndiyo, shefu."

"Sababu?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari, mmoja ulikuwa mzuri sana, ulikuwa na ambulansi ndani. Lakini nikasema tu, "Shefu, mama wa bibi yangu iko ndani."

Akatazama mlango. Akanitazama mimi. "Ndani? Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Na wewe unasimama hapa kwa mlango unaongea na mimi!" Akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma ya gari lake, tukainama wote wawili kama wezi wa kuku. "Mama mkwe wangu akikuja kwangu," akaninong'oneza, "mimi natoka kwa dirisha."

Mahindi yakaanza kuungua. Mama Kembabazi akapiga kelele kwamba yeye hakuajiriwa na choo. Ndipo shefu alipofanya jambo ambalo nitawasimulia wajukuu. Alisimama, akanyoosha tai yake, akaenda kukaa kwa kiti changu. Batu walikuja, akawapa karatasi na sabuni. Kijana mmoja wa pikipiki akamuuliza, "Mukubwa, wamekushusha cheo?"

"Chukua sabuni unyamaze."

Na mama yako alikaa! Alinawa mikono, akanawa uso, akanawa tena mikono, maji ile ilimpendeza. Alipotoka shefu akasimama, akamsalimia kwa adabu yote, akapokea ufunguo kwa mikono miwili.

Baadaye shefu aliniita. Nikangoja barua ya kufukuzwa. Akasema, "Hili hatukulifikiria. Wanawake wanataka mwanamke mwenzao kwa dirisha lile. Nitalipeleka kwa baraza. Wewe utabaki upande wa wanaume, na hiyo miti uimwagilie maji, ikue haraka, siku nyingine upate pa kujificha." Mama Ombeni, nimeishi chini ya wakubwa wa kila aina, wenye bunduki na wenye kalamu. Mukubwa anayesema "hili hatukulifikiria" ni wa kwanza huyu. Nikamshika mkono kumshukuru, nikasahau kuuachia.

Sasa sikia maongezi. Mama alikaa kwa kile kiti cha chuma kumngoja Mchungaji. Mimi nikasimama nyuma ya kiti, nimempa mgongo. Katikati yetu Mama Kembabazi na mahindi yake, tayari amemsimulia yote.

"Mwambie huyu kijana," mama akasema, "daktari amesema macho yatapona."

"Macho itapona," Mama Kembabazi akaniambia, kama sina masikio.

"Mwambie mama ninamshukuru Mungu."

"Nashukuru Mungu."

"Mwambie, ile ndiyo biro?"

Mama Kembabazi akacheka hadi hindi likamponyoka likaingia majivuni. "Nauliza, ile ndiyo ofisi?"

"Mwambie, ndiyo ile."

Gari zikapita. Nikafikiri basi, yamekwisha, wewe na watoto nitawaona Krismasi.

"Mwambie iko safi," akasema. Kisha sauti yake ikashuka. "Mwambie, siku ile walinitoa na fimbo, hakuna mutu hata mmoja aligeuza macho yake. Leo mwanaume ameacha kazi yake juu ya mimi, na mukubwa mwenye tai amekaa fasi yake. Mwambie Mapendo akuje hapa na watoto. Mimi nitabaki na mdogo wake, tutalima."

Mama Kembabazi hakurudia. "Hiyo umesikia mwenyewe," akaniambia.

Na mimi yale maneno yote niliyotayarisha, pamoja na Kifaransa, sikuyaona tena. Nikasema, "Mwambie asante."

"Asante tu? Wewe kila siku naongea kama redio!"

"Mwambie asante tena."

Basi, ndiyo habari. Mama analala kanisani leo, ameshiba, amekula mahindi mawili ya Mama Kembabazi na hakuruhusiwa kulipa. Nisalimie mdogo wako, umwambie jembe langu sasa ni lake. Nisalimie baba mdogo na mbuzi zake, mama jirani wa pale kwenye bomba, na bibi wa Mchungaji, umwambie bwana wake nimemsamehe. Kwaya yote ya kina mama niwasalimie, lakini usiwaambie nimeandika nini.

Msije na vitu mingi. Sufuria ziko, mkeka uko, maji iko mlango wa pili. Wewe lete watoto na wewe mwenyewe. Chumba nilikifagia asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilipofika sasa hivi, nimekifagia tena, na hakikuwa kimechafuka.

Ni mimi bwana wako,
Yeremia, Baba Ombeni