Mama wa Katekista wa Chonyonyo

Dada Adela,

Shikamoo. Huku Karagwe mvua hainipi nafasi ya kuanika nguo. Jana ilipokatika, wazee kwa watoto walikusanyika uwanjani kufundishana ngoma, wamevaa njuga miguuni. Mara katekista akatokea. Yeye amewakataza waumini kucheza, kwa hiyo ngoma zikanyamaza. Mama yake mzazi, bibi kizee, akaendelea kukanyaga peke yake.

“Mama, acha,” katekista akasema.

“Ulipokuwa mgongoni mwangu nilicheza hivihivi, nawe ukalala.”

Katekista akamsogelea. Alimshika mkono asiteleze kwenye tope, na mpiga ngoma mmoja akaanza tena polepole. Katekista mwenyewe hakucheza, ila hakumwachia mpaka mama alipochoka.

Mguu wa shemeji upone upesi. Nimewakumbuka nyote.

Mdogo wako,
Teodora