Mbao Ulizozikwa Nazo

Mjomba,

Mlango wa karakana haupo tena. Nakwambia hili kwanza kwa sababu ungeliona kabla hujavua kofia, ungesimama pale nje na kuniuliza, "Mpwa, umeupeleka wapi?" Mahali pake kinaning'inia kitenge cha Mama, kile cha kijani chenye ndege. Upepo ukivuma kinaingia ndani bila hodi.

Nitafika kwenye mlango. Acha nianze na mbao, maana mbao ndizo zilizonitesa.

Unajua ninazozisema. Zile za mti wa podo ulizozilaza kwenye fito juu ya jiko la Mama, zipate joto na moshi. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza mbona huzitumii, nawe ukasema, "Hizi bado zinajiona mti. Zikisahau, tutazitengenezea gita." Nilisoma, nikaenda chuo, nikarudi na digrii yangu ya ualimu wa fizikia na barua za kuomba kazi, nazo bado zilikuwa hazijasahau. Kisha asubuhi moja baada ya Pasaka ukaishusha ya juu, ukaishika ukingoni, ukaibisha kwa kifundo cha kidole, na uso wako ukafunguka. "Mpwa, zimesahau." Zingekuwa uso, ule ubao wa mbele unaotoa sauti, wa gita aliloagiza Mwinjilisti wa Kwaluguru, na uso wa magita yote ambayo yangefuata. Mgongo na mbavu ulitaka ziwe za mninga, ndiyo maana ukaenda Sindeni kuangalia gogo.

Walisema ulikuwa umeinama ukilinusa. Moyo ukasimama hapo hapo, shambani kwa watu.

Mimi ndiye niliyekuja kukuchukua na pikapu. Nilipokuwa njiani kwenda na kurudi, huku Korogwe wanaume wa msibani walikuwa wakitafuta mbao za jeneza. Jirani yetu Mzee Mhina, fundi wa vitanda na makabati, alizikataa za sokoni. "Ukizipiga msumari zinatoa maji," aliniambia baadaye. "Fundi hazikwi kwenye mbao mbichi, mwanangu." Akaingia jikoni, akatazama juu, akaziona. Mtu ambaye wafu wa kwao huzikwa kwa sanda hakujali kwamba jeneza si desturi yake. Alikaa juani akipiga randa ili wewe uende kwa heshima. Wanawake walilisifu jeneza hilo. Walipitisha viganja juu yake.

Nilizitambua zile mbao kwa harufu ya moshi wa Mama kabla sijashuka kwenye gari. Ningesema nini, Mjomba? Mshusheni, mzivunje?

Lakini si hilo lililonivunja. Ni pale makaburini, udongo wa kwanza ulipoanguka juu ya kifuniko. Watu walilia. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilisikia. Jeneza liliitika, Mjomba. Liliitika kwa sauti ya chini, safi, iliyokaa kidogo kabla ya kufa, sauti ile tuliyoitafuta miaka yote. Kila koleo la udongo, hodi. Kila hodi, karibu. Halafu udongo ukawa mwingi, sauti ikazibwa, nikabaki nimesimama kama mtu aliyeona kitu cha aibu.

Tangu siku hiyo sikuweza kubisha mbao yoyote.

Nilijaribu. Alianza yule binti wa duka la vitambaa, aliyeagiza ukulele. (Mama bado anauita "mtoto wa gita", na akiuona anauliza mama yake yuko wapi.) Shingo ilikuwa tayari, mbavu zake ulikwisha kuzikunja kwenye bomba la moto. Ilibaki uso tu. Nikapiga randa kidogo, nikaishika mbao ukingoni, nikakumbuka masharti yako: "Hodi tatu, kama nyumbani kwa watu. Ikiitika, weka randa chini hapo hapo. Isipoitika usilazimishe. Ondoka bila kununa, urudi siku nyingine." Nikabisha mara moja. Nikasikia koleo. Mkono ukaruka wenyewe, kama umegusa chungu cha moto.

Nikaendelea na randa bila kubisha, kwa macho tu. Uso ukawa mwembamba kupita kiasi. Nilipofunga nyuzi, ukulele ulikoroma. Binti alikuja na baba yake, akaupiga, akanitazama kwa huruma, akasema ni mzuri kwa rangi. Kwa rangi! Ungecheka mpaka ushike kiuno. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Na huko nyuma ya choo nikaliona jambo jingine ambalo sikuwa tayari kuliona. Nilijaribu kukumbuka sauti ya mbao nzuri, mbali na ile ya kaburini, nikaikosa. Nilichokumbuka ni uso wako. Nyusi zako zinavyopanda, mdomo unavyoacha kutafuna kile kijiti. Miaka yote ulipokuwa ukibisha, mimi nilikuangalia wewe. Fizikia yangu ilinieleza kwa nini mbao inalia, wewe ulinionyesha lini, na mimi mwenyewe masikio yangu yalikuwa wapi? Ulipoondoka uliondoka na uso wako, basi nikawa kiziwi.

Mama alikuwa ananitazama. Unamjua dada yako, hasemi haraka. Alingoja arobaini ipite, akangoja mavuno yapite, ndipo akaniita nikiwa nachambua mchele. "Sikukusomesha ushinde na gundi vidoleni," alisema. "Kaka yangu nilimwachia kwa sababu yeye hakuwa na jingine. Sasa sikiliza. Limalize gita la Mwinjilisti. Likiimba, sitafungua mdomo wangu tena. Likikoroma kama lile toto lake, chumba kile napangisha, nawe unakwenda Tanga kwa dada yako kutafuta shule ya kufundisha." Akarudi kwenye jiko lake. Juu ya jiko fito zilikuwa tupu. Sidhani kama alizitazama. Mimi kila siku nilizitazama.

Mwinjilisti naye alikuja kutoka Kwaluguru na baiskeli yake, akakaa kwenye kile kigoda chako bila kujua, nikamwacha. "Binti," akasema, "kwaya imeanza kuniuliza kama gita hili litatangulia au Masihi atatangulia." Nilimwambia gita. Nilimwambia kwa kiburi kwa sababu niliogopa. Mgongo wa mninga ulikuwa tayari, maana lile gogo lako waliniletea watu wa Sindeni wenyewe, wakakataa hata nauli. Mbavu zilikuwa tayari. Uso wa podo kavu ndio sikuwa nao. Nilizunguka Korogwe nzima. Mbao za sokoni zote zilikuwa bado mti.

Ndipo siku moja nikafunga karakana, nikauegemea mlango kwa nje, nimechoka. Nikageuka, nikautazama.

Podo, Mjomba. Miaka yote nilikuwa naufungua na kuufunga tu.

Ulinisimulia wewe mwenyewe ulikotoka. Kota ya shamba la mkonge mlikozaliwa, wewe na Mama, watoto wa manamba aliyekuja kukata mkonge akasahau kurudi kwao. Kota zilipobomolewa, wenzako walichukua mabati. Wewe ukachukua mlango, ukaufunga kwenye baiskeli, ukauleta mjini ukiutembeza kama mgonjwa. Mama alikutania mbele ya wageni mpaka mwaka wako wa mwisho: "Watu wanarithi mashamba, huyu amerithi mlango." Nawe ulimjibu vile vile kila mara: "Dada, shamba halibishwi hodi."

Niliung'oa kwenye bawaba nikiwa peke yangu. Sikumwomba Mama ruhusa, kwa sababu angekataa, au, vibaya zaidi, angekubali kwa upole. Niling'oa misumari mmoja mmoja, nikachagua mbao za katikati ambazo hazikuwa na tundu, nikazipasua kwa msumeno kama mtu anayefungua kitabu, nikaziunganisha. Upande mmoja ilibaki rangi nyeupe ya namba ya kota, nusu ya tarakimu tu. Niliigeuzia ndani. Hakuna atakayeiona, ila mimi nilitaka iwemo.

Kisha randa. Vumbi lake lilinuka kitu ambacho sikukijua, labda moshi wa Bibi ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimeketi uani, karibu na kamba ya nguo, mbao mapajani. Mama alikuwa ndani anakanda unga wa maandazi. Nilijua muda wa kubisha umefika. Nikasema moyoni, bora koleo. Kama ni koleo, acha liwe koleo, nisikie mpaka mwisho.

Nikabisha. Sikusikia kitu cha maana. Mbao ilikuwa bado nene, imejifunga. Nikaweka chini. Nikaondoka, Mjomba, bila kununa, nikaenda kuchota maji.

Nikarudi. Nikapunguza tena, katikati kidogo na pembeni zaidi, kama ulivyopenda. Nikabisha, koleo likaja, kaburi likaja, nikauma meno, mkono sikuutoa. Nikapunguza tena, unyoya tu.

Nikabisha. Hodi, hodi, hodi.

Na Mama, kutoka ndani, mikono ikiwa kwenye unga, akaitika kwa sauti ya kumpokea mgeni: "Karibu! Pita, mlango uko wazi!"

Akatoka akijifuta mikono kwenye khanga, akatazama lango, hakuna mtu. Akanitazama mimi, akatazama mbao mapajani mwangu. Akaijua. Sijui kwa nini ilichukua muda mfupi vile, lakini aliijua. "Huo mlango wetu," alisema. Si swali. Akaketi chini pale pale, kwenye vumbi la randa, na unga wake wote, akasema, "Nimesikia mtu anabisha kwetu kota." Halafu akalia, Mama ambaye msibani alihesabu masufuria na kugawa chai bila chozi. Alilia kama mtoto anayengojea mtu arudi kutoka mkongeni.

Mimi niliiweka randa chini. Nilikuwa na akili hiyo angalau. Ungekuwepo, nyusi zako zingekuwa juu kabisa, lakini sikuzihitaji. Sikio la Mama lilikuwa limesikia, na baada yake, ajabu, langu pia. Nikabisha tena polepole. Ilikuwa sauti ya chini, safi, iliyokaa kidogo. Ile ile ya kaburini. Nikaelewa kwamba sitaacha kuisikia kamwe, na kwamba kazi hii ndiyo itakuwa hivyo kwangu: kila mbao nzuri nitakayoitengeneza itaniitikia kwa sauti ya siku ile. Sijui kama hiyo ni faraja. Leo naandika na bado sijui. Kuna siku naweka kazi chini na kutembea mpaka darajani kwa sababu siwezi.

Gita limekwisha. Mwinjilisti amekuja kulichukua. Alilipiga uani, wimbo wa polepole, macho amefumba, na Mzee Mhina akaja kusimama kwenye ua wake akisikiliza na kofia mkononi. Nilimtazama, hasira yangu nikaitafuta mahali ilipokuwa. Ipo kidogo. Lakini imekonda, na nimeona ni vizuri kukuambia ukweli kuliko kukupambia. Alisema, "Fundi angefurahi." Nikasema, "Ahsante, Mzee." Na nilimaanisha.

Likiimba sitafungua mdomo, Mama alisema, na kweli hakuufungua. Kesho yake nilikuta kitenge kile cha kijani kimening'inizwa penye mlango wa karakana, kimeshonwa pindo juu na kutiwa kamba. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani dirishani, "Binti yangu ni fundi gita. Hapana, si mwalimu. Fundi." Alilitamka kwa ukali, kama vile jirani amembishia.

Nimenunua podo mpya kutoka kwa watu wa milimani. Mbichi kabisa, zinalowesha mikono. Mama amenisaidia kuzipandisha kwenye fito juu ya jiko, akalalamika kwamba sasa wadudu watamwangukia kwenye mboga. Na kwa chaki, kwa herufi kubwa, ili asiyezijua azijue, nimeandika kwenye ya chini: SI ZA JENEZA. Mzee Mhina ameliona, amecheka mpaka akakohoa, akaniuliza nami siku yangu nitataka zipi. Nimemwambia za sokoni, zinazotoa maji.

Nakuahidi hivi: nitazingoja mpaka zisahau. Sitazishusha mapema kwa ajili ya mtu yeyote, hata akija na Masihi mwenyewe.

Jumapili nilikuja kaburini kwako, peke yangu. Nilipiga magoti nikabisha udongo kwa kifundo cha kidole, hodi tatu, kama nyumbani kwa watu. Hukuitika. Nilingoja kadiri ya adabu inavyotaka, kisha nikasimama, nikajipangusa magoti, nikaondoka bila kununa.

Nitarudi siku nyingine, Mjomba.

Mpwa wako