Kuuvizia Ukungu

Jumatatu, 3 Machi

Nimejikasirikia kweli. Wiki nzima napanda kilimani alfajiri, naambulia mawingu tu. Leo ukungu umejaa bonde lote, jua likaupasua, vilele vya miti vikaelea juu yake — na mimi? Kamera bado ilikuwa kwenye mpangilio wa studio! Picha zote nyeupe pe! Nilipomaliza kubabaika na vitufe, bonde lilikuwa bonde tu, na mbuzi wake.

Nikachelewa kazini. Mjomba, mwenye studio, kanipokea mlangoni. Eti ukungu hauna harusi wala hauhitaji picha ya paspoti, nampigia nani picha? Wateja wakacheka.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Kitambaa machoni, nabonyeza vitufe vya kamera kwa kupapasa. Nakosea. Narudia. Nakosea tena — shenzi!

Baadaye jikoni: mvuke wa sufuria ndio ukungu, tochi juu ya kabati ndiyo jua. Mama kaingia, akauliza napika nini. Maji, nikasema. Akazima gesi, akaondoka. Hata yeye!

Alhamisi, 6 Machi

Vidole vimeshika njia. Macho yamefungwa na sikosei.

Lakini Mjomba! Kamera yake imekufa tangu mwaka jana, harusi zote anazipiga kwa yangu, asante haijui. Leo jioni kaja mpaka nyumbani: amemwahidi bibi harusi kwamba Jumamosi alfajiri nitakuwa kwao, nimpige picha akipambwa. Hakuniuliza! Nikamwambia alfajiri ni zangu. Akasema sawa, na studio ni yake, nichague.

Sijala. Hasira imenishibisha.

Jumamosi, 8 Machi

Kilimani. Mvua ilinyesha mpaka karibu na kucha, ukungu umejaa pomoni. Nangoja jua. Najua bibi harusi naye ananingoja, na hana kosa — hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Simu imeita na kuita. Nimeizima.

Kuna mtu anapanda. Mjomba! Na viatu vyake vya harusi! Anateleza, anashika nyasi, anapiga kelele eti nimemwaibisha mbele ya watu wazima, nimpe kamera, mimi nibaki na ukungu wangu.

Jua linatoka. Nyuma ya Mjomba bonde lote linaanza kuwaka.

Nimemwambia, sogea, Mjomba. Hasogei. Anahema, mkono ameunyoosha, amesimama katikati kabisa ya picha yangu — na vidole vyangu, bila kuangalia, vimeshabonyeza.