Ukurasa Ulioukata, Dada

Dada yangu Nasieku,

Najua hupendi mambo yetu yasemwe mbele ya watu. Lakini nilikutumia picha kwa simu, ukaiona, tiki zikawa bluu, na tangu siku hiyo umenyamaza. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, na anayetaka kusoma asome. Huko ng'ambo ulikomfuata shemeji mtandao si shida, kwa hivyo usije ukasema barua hii haikukufikia.

Picha ile ilikuwa ya ukurasa wa kitabu. Unaujua.

Nilipofungua kibanda changu cha kushona hapa Kitengela, ulinipa zawadi ya vitabu vitatu vya kwilti, yale mablanketi ya viraka yaliyokupa jina Kajiado nzima. Ulikuwa umevifunga kwa shuka lako jekundu. Nilikukumbatia nikalia, nawe ukacheka ukaniambia nisiviloweshe kwa machozi. Nilivikuta vina kurasa zilizotoka, nikakuuliza. "Ni vya mtumba hivyo, vilikuja hivyo," ulisema, na mimi nikaamini, maana lini uliwahi kunidanganya?

Kabla hujasafiri, Jumamosi nilikuwa nakuja kwako tushone pamoja. Ulifunga mlango upepo usituletee vumbi kwenye vitambaa vyeupe, ukaweka chai, ukanipa kazi ya kupanga rangi na kushona pindo. Kukata ulikuwa umeshakata kabla sijafika, na kuunga viraka ulikuwa ukiunga nikishaondoka. Niliona unanihurumia, dada mkubwa anayebeba kazi ngumu peke yake. Sasa nikikumbuka hiyo chai nasikia hasira.

Maana nikirudi kwangu kushona ya kwangu, ilikuwa aibu tupu. Viraka vilikataa kukutana pembe. Kwilti ilivimba katikati kama chapati, kando ikapinda. Nilifumua, nikashona tena, nikafumua. Nilikuletea moja, ukaitandaza kitandani, ukaipapasa, ukasema kwa sauti ya upole kabisa, "Nashipai, wewe mkono wako ni mzito. Shona tu mifuko, hiyo unaiweza." Nami nikashona mifuko. Miaka yote hiyo nimeshona mifuko, na wateja wa kwilti nikawaelekeza kwako.

Lakini vitabu sikuviacha. Nilivipenda, na hata leo mtu akiniuliza aanze na kipi namwambia bila kusita. Kile chembamba cha miraba ni cha anayeanza, kwa sababu hakimtishi mtu: mistari iliyonyooka, vipande vikubwa, ushone mto mmoja kwanza kabla hujafikiria blanketi. Kile cha rangi ni cha aliyekwama. Maneno yake ni machache, lakini ndicho kilichonifundisha kuwa nyekundu ya shuka haitaki nyekundu nyingine kando yake, inataka kitu kilichopoa, kijivu au buluu ya mawingu. Cha tatu, kile kinene cha kushona kwa mkono, kinahitaji subira, ila mishono yake ukiishika vizuri haiachii hata ikifuliwa kila wiki.

Sasa Habiba, jirani yangu anayeuza vitambaa, naye alitaka kuanza. Akapata kile cha miraba kwa wauza vitabu vya mtumba kule Ngong, akaja nacho kibandani. "Ni hii ulikuwa unasema? Angalia kama iko sawa." Nikaleta changu tulinganishe. Akafungua, akafungua, akasimama. "Mbona yako haina hii page?"

Nilisoma ule ukurasa nimesimama. Unasema mshono wote uende umbali mmoja kutoka ukingoni, kwa upana wa mguu wa cherehani, kile kichuma kinachokandamiza kitambaa. Unasema kila mshono upigwe pasi kabla ya kuunga mwingine. Unasema kila mraba ukiisha upimwe kwa rula na kupunguzwa, yote iwe sawa, ndipo iunganishwe. Basi. Hakuna neno juu ya mkono mzito.

Nikaangalia changu pale ulipokuwa. Karatasi inayochomoka yenyewe haiachi ukingo ulionyooka namna ile. Ni wembe, Nasieku, na rula kando yake. Nikafungua vile viwili vingine, ukingo ni uleule wa wembe, mafunzo yaleyale hayamo. Habiba alitazama pembeni akaanza kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa.

Ungeniambia kuna kitu sikijui, ningekitafuta. Ningeuliza watu, ningeangalia kwenye simu. Wewe uliniambia ni mkono, na mtu atatafuta wapi mkono mwingine?

Hilo ndilo linaloniuma. Yeyo, mama yetu, alipofariki ni wewe uliyenilea. Asubuhi za baridi ulivua sweta lako ukanivika, wewe ukaenda shule unatetemeka. Nyama ikiwa kidogo ulisema umeshiba. Hukuwahi kuninyima kitu, dada. Ningekuomba hiyo kazi yote ungenipa, naamini. Sasa karatasi moja ilikushinda nini? Uliogopa nitakupita? Mimi? Nilikuwa nataka tu kukaa karibu nawe nikishona.

Nimeshona kwilti kwa kufuata ule ukurasa wa Habiba. Niliitandaza kitandani ikalala tuli, pembe zote nne. Nilikaa sakafuni nikalia, na wala haikuwa furaha.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Kiserian, akaishika, akaigeuza nyuma akaangalia mishono. "Ni nani alikufunza?" akaniuliza. Swali hilo nimekuwa nikilijibu kwa jina lako kabla mtu hajalimaliza, hata kwa mifuko.

Nilimwambia nimejifunza kwa kitabu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemvika sweta